Bodi za safari Arusha: magari yanajaa uani, hayatoki

Tunageuza Land Cruiser kuwa gari la watalii, na kila mteja ana lake: viti saba, viti tisa, friji, paa la kunyanyuka. Mbinu za Toyota za kupanga kazi kiwandani zinatufaa kweli?

Zinafaa, ila anzeni kutenganisha kazi. Kukata na kurefusha chesisi, fremu ya bodi na tundu la paa hufanana gari hadi gari; hizo zipewe jigi (kishikizo kinachoongoza kukata na kuchomelea) na vipimo visivyobadilika. Viti, friji na soketi za kuchajia zisogezwe mwisho. Mkifunga sakafuni reli yenye matundu ya umbali sawa, mteja akibadili mpango wa viti hamtoboi tena sakafu iliyokwisha pakwa rangi.

Kisha pigeni hesabu. Siku 20 za saa 8 ni saa 160. Oda zikiwa nne, kila kituo cha kazi kina saa 40 kwa gari. Rangi ikila saa 55, tatizo liko hapo. Ukiongeza mchomeleaji, unarefusha foleni ya rangi tu.

Uani kuna magari tisa. Yote yameguswa, hakuna lililokwisha.

Kama linatoka moja kwa wiki, gari linaloingia leo litakaa wiki tisa. Ruhusuni manne tu ndani na muda utashuka hadi wiki nne bila kuajiri mtu, mradi kituo cha rangi kisikae bure. Gari lisiguswe kabla vioo, mipira ya madirisha na bawaba zake hazijakamilika kwenye toroli lake. Anayevunja utaratibu huu kwa kawaida ni bosi mwenyewe: amepokea advansi, anaingiza gari ili mteja atulie. Mteja apewe tarehe ya kuleta gari.

Bolti zinaisha, fundi anapanda bodaboda kwenda mjini.

Wekeni maboksi mawili kwa kila saizi. Mkitumia bolti 40 kwa siku na mzigo wa Dar ukichukua siku tano, mnahitaji 200. Ongezeni nusu yake iwe akiba: 300 kwa kila boksi. La kwanza likiisha, kadi yake ya kuagizia inakwenda kwa mnunuzi siku hiyohiyo. Mambo huharibika pale mtu anapomimina maboksi yote mawili pamoja "kuokoa nafasi". Vioo vinunuliwe kwa oda.

Na 5S, zile hatua tano za kupanga karakana, si kufagia tu?

Kufagia ni ya tatu. Anzeni kusasambua, yaani kutenga na kuondoa visivyohitajika: mabaki ya mabomba na milango ya zamani yauzwe chuma chakavu, mpate nafasi ya toroli.