Kura ya pili si ya akiba

SWALI: Naishi Dortmund na nimepata uraia wa Ujerumani, kwa hiyo mwaka 2027 nitapiga kura ya bunge la jimbo la Nordrhein-Westfalen kwa mara ya kwanza. Kuna mama mmoja wa chama kidogo anayetaka kugombea katika eneo bunge letu, na ametusaidia sana kwenye mambo ya vibali vya ukaazi. Katika kundi letu la WhatsApp tumeambiwa kwa ujumbe wa sauti tumpe yeye kura ya kwanza kwa kuwa ndiyo yenye uzito, na ya pili tukipe chama chochote kikubwa kwa sababu ni ya akiba tu, endapo mshindi hatapatikana. Wengine wanasema tuiache tupu kama ishara ya kupinga. Tufanyeje?
Msomaji, Dortmund

JIBU: Ndugu yangu, hongera kwa uraia. Sasa huo ujumbe wa sauti ufute kabla hujamrushia mwingine.

Kila uchaguzi ukikaribia, hili la "akiba" hunifikia upya, na kila mara msemaji ni mtu asiyewahi kuishika karatasi ya kura ya Ujerumani. Najua linakotoka. Wengi wetu tukisikia kura ya pili tunawaza duru ya pili: Kenya, mgombea urais asipovuka nusu ya kura, watu hurudi vituoni. Huku hakuna kurudi. Kura zote mbili unazipiga siku moja kwenye karatasi moja, zinahesabiwa usiku huohuo, na ya pili ndiyo inayoamua kila chama kitakuwa na viti vingapi.

Tazama matokeo ya jimbo lako ya Mei 2022. Chama cha FDP kilipata asilimia 5.9 na cha AfD 5.4. Hakuna kati yao aliyeshinda hata eneo bunge moja. Lakini kila chama kiliondoka na viti 12, vyote kwa kura ya pili. CDU nao walishinda maeneo bunge 76 na wakaishia na viti 76. Kwa hiyo hakuna jina hata moja lililoingia kupitia orodha yao, yaani majina ambayo chama huyapanga kwa zamu ya kupata viti vya kura ya pili, na kwa kuwa idadi hiyo ilizidi fungu lao la kura za pili, vyama vingine viliongezewa viti vya fidia mpaka bunge la viti 181 likawa na 195. Ukiona bunge zima linapanuliwa ili kura ya pili iheshimiwe, utaiitaje ya akiba?

Tuje kwa huyo mama. Kwa kura ya kwanza, anayeongoza katika eneo bunge ndiye anayechukua kiti, hata kwa asilimia 30. Mwaka 2022 maeneo bunge yote 128 yaligawanwa na vyama vitatu: CDU 76, SPD 45, Kijani 7. Mgombea wa chama kidogo hapo anasubiri muujiza. Njia yake halisi ni orodha ya chama, na orodha hiyo inapata viti kwa kura ya pili, tena chama kikifikisha asilimia 5. Mkimpa yeye ya kwanza na chama kikubwa ya pili, mtakuwa mmempongeza kwa mkono mmoja na kumfungia mlango kwa mwingine. Mwulizeni jambo moja: jina lake ni la ngapi kwenye orodha? Akiwa wa tatu, kura ya pili inaweza kumfikisha. Akiwa wa arobaini, sahauni habari ya kumsaidia yeye binafsi na mkipime chama kwa sera zake.

Hao mabingwa wa ujumbe wa sauti wana kosa jingine linaloniudhi zaidi: kuisambaza kanuni moja nchi nzima. Majimbo yako 16 na kila moja lina sheria yake ya uchaguzi. Saarland mpiga kura ana kura moja tu. Bavaria ana mbili, lakini hujumlishwa zote katika kugawa viti, na ile ya pili unampa mtu kwenye orodha, ukaweza kumpandisha juu ya wenzake. Hamburg unapewa kura kumi. Brandenburg chama kisichofikisha asilimia 5 bado hupata fungu lake kikishinda eneo bunge moja. Kwenu hakuna mlango huo, mshindi huingia peke yake. Ndugu wa Munich akikushauri wewe wa Dortmund, mshukuru kwa salamu.

Anayedhani kura chache hazina kazi aitazame Saarland ya Machi 2022. Kijani walikosa kizingiti cha asilimia 5 kwa kura 23. FDP nao walibaki nje kwa asilimia 4.8. Zaidi ya kura moja kati ya tano ilikwenda kwa vyama visivyoingia bungeni, na SPD, kwa asilimia 43.5, wakachukua viti 29 kati ya 51 na kuunda serikali bila mshirika.

Kuhusu kuacha tupu: asilimia 5 hukokotolewa kwa kura halali za pili peke yake. Nafasi uliyoiacha wazi inahesabiwa kuwa kura batili, haimpunguzii mkubwa kiti, wala hakuna atakayesoma hasira yako ndani yake. Ukitia alama kura ya kwanza na kuiacha ya pili, ile ya kwanza bado ni halali. Lakini wanaowashauri mwandike ujumbe wa malalamiko kwenye karatasi wanawapotosha kabisa, kwa sababu maandishi ya ziada yanaweza kuiharibu karatasi nzima, pamoja na kura ya yule mama.