Jibu: "Firecracker" kwa Kiswahili ni nini?

Mkuu, umeuliza "firecracker" tuiite baruti au fataki. Iite fataki. Baruti ni ule unga wa ndani, na jina hilohilo watu wanalitumia kwa vilipuzi vinavyopasua mawe kwenye machimbo ya kokoto. Fataki yenyewe ni kikaratasi kigumu kilichoviringishwa, kinene kama kidole cha mwisho, kimeshindiliwa baruti na kuachiwa utambi mdogo. Ukiwasha, unatupa na kukimbia. Kazi yake ni mlio tu. Zile zinazopanda juu na kumwaga rangi nazo watu wanaziita fataki, ingawa kamusi zina neno zuri, fashifashi, ambalo hapa Dodoma sijamsikia mtu akilitamka hata siku moja.

Ila angalia ngeli. "Fataki imelia" ni kitu. "Fataki amekuja" ni mtu mzima anayewarubuni mabinti wa shule kwa chipsi na lifti. Maana hiyo ilishika kutokana na kampeni ya redio ya kuanzia 2008 hivi, na haijatoka vinywani. Mkesha wa mwaka mpya mmoja hapa Area C, mtoto wa jirani alipiga kelele, "Mama, fataki mlangoni!" Mama akatoka na mwiko.

Kiingereza pia humwita mtu "firecracker", lakini kwa kumsifu: mchangamfu, moto wa kuotea mbali. Hapo usitafsiri fataki, utamtukana mtu wa watu. Sema "ni moto huyo", inatosha.