Kabla Hujafunga Kadi ya Pili ya Grafiki

Swali ninaloulizwa mara nyingi na watu wanaojiundia kompyuta ya gemu ni kama wanunue kadi moja kubwa ya grafiki au wachukue mbili za daraja la kati zisaidiane kazi. Aliyekwisha kuamua juu ya mbili huuliza tena: ziwe pacha zinazofanana, au ile ya zamani iliyolala kwenye droo iwekwe pembeni ya mpya? Nimeishi na mipango yote miwili, wa kwanza kwa karibu miaka mitatu na wa pili hadi leo, na ushauri niliokuwa nikiutoa zamani ningefurahi ukisahauliwa.

Nianze na pacha, kwa kuwa ndizo zinazotamanisha. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1998 kampuni ya 3dfx iliuza kadi za Voodoo2 zilizoweza kufungwa mbili pamoja kwa utaratibu ulioitwa SLI, moja ikichora mistari ya shufwa ya skrini na nyingine ile ya witiri. Mali za kampuni hiyo zilipoangukia mikononi mwa kampuni ya Nvidia, jina SLI lilirudi sokoni mwaka 2004 kwa utaratibu tofauti, na mshindani wake ATI, ambayo baadaye ilinunuliwa na AMD, ikajibu kwa utaratibu wake wa CrossFire mwaka 2005. Mimi niliuingia mkumbo huo kwa kuchelewa, nikiwa na kadi mbili za toleo la mwaka 2014, moja mpya na moja ya mtumba, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Niliziunganisha kwa lile daraja jeusi la urefu wa kidole linalovikwa kwenye ukingo wa juu wa kadi zote mbili, nikawasha, na gemu iliyokuwa ikinipa fremu, yaani picha kamili za skrini, 47 kwa sekunde ikapanda hadi 77.

Furaha hiyo ilidumu jioni moja. Siku ya pili nilikuwa nikimtembeza mhusika wangu taratibu kando ya ukuta mrefu, na jicho likagoma kukubali kile ambacho kihesabu fremu kilikuwa kikidai. Ukuta ulikuwa unakwenda kwa kigugumizi. Nilipowasha programu ya kupima muda wa kila fremu, badala ya wastani tu, niliona kilichokuwa kikitokea: milisekunde 8, kisha 18, kisha 8, kisha 18, bila kukoma. Wastani wake ni milisekunde 13, yaani fremu 77 kwa sekunde, na kwa hesabu hiyo kihesabu hakikuwa kimesema uongo. Lakini jicho halisomi wastani. Hushika ule mwanya mrefu, na mwanya wa milisekunde 18 ni sawa na fremu 55 kwa sekunde. Nilikuwa nimefunga kadi nzima ya pili ili nipate, kwa hisia, nyongeza ya fremu nane.

Sababu yake inaeleweka vizuri ukiwafikiria mafundi cherehani wawili. Katika utaratibu uliotumiwa zaidi na SLI na CrossFire, kadi hupokezana fremu: ya kwanza inachora fremu moja, ya pili inachora inayofuata. Ikiwa kila fundi huchukua saa mbili kushona shati, mafundi wawili watatoa mashati mawili kila baada ya saa mbili, lakini hakuna shati hata moja litakalokamilika chini ya saa mbili, na wasipopangwa vizuri yote mawili yatatoka karibu wakati mmoja, kisha utakaa kusubiri. Hicho ndicho kigugumizi. Draiva za baadaye, yaani programu zinazoiendesha kadi, zilijitahidi kuzipanga fremu zitoke kwa nafasi sawa, na AMD hasa ililazimika kulishughulikia jambo hilo mwaka 2013. Hata zikipangwa vizuri, muda kati ya kubonyeza kitufe na kuona tokeo haupungui kama ambavyo ungepungua kwa kadi moja inayotoa idadi ile ile ya fremu, kwa kuwa shati bado linashonwa kwa saa mbili. Mchezaji wa gemu za kulenga shabaha atalihisi jambo hili mkononi kabla hajaliona kwenye grafu.

Mfano huo huo unajibu kosa jingine ambalo nami nililifanya, la kudhani kwamba gigabaiti 4 na gigabaiti 4 ni gigabaiti 8. Kila fundi anahitaji nakala yake ya ramani na kitambaa kwenye meza yake mwenyewe. Kadi pacha huhifadhi vitu vile vile mara mbili, kwa hiyo gemu inayotaka gigabaiti 6 itakwama kwenye kadi mbili za gigabaiti 4 kama ambavyo ingekwama kwenye moja. Kwangu hili ndilo lililoua mpango mzima, kwa sababu nguvu ya kuchora nilikuwa nayo, ila nililazimika kushusha ubora wa picha kwa kukosa kumbukumbu.

Umeme na joto havihitaji maneno mengi, ila vinahitaji heshima. Kadi zangu zilitajwa kula chini ya wati 150 kila moja, nami nikajumlisha, nikaongeza prosesa, nikaridhika kwamba pawa saplai yangu ya wati 500 ingetosha. Nilichosahau ni kwamba kadi huruka juu ya kiwango chake kwa muda mfupi mno, na zikiruka mbili kwa pamoja, pawa saplai iliyokwisha kuzeeka hujikinga kwa kuzima kila kitu. Ilizima mara tatu katika wiki moja, bila onyo lolote, na mara ya tatu iliondoka na kazi niliyokuwa sijaihifadhi. Kuhusu joto, kadi ya juu ilikuwa ikivuta hewa iliyokwisha kupashwa na ya chini, ikipanda hadi nyuzi 83 huku mwenzake akiwa 68. Aliye na kadi zenye feni mbili au tatu zinazomwaga hewa ndani ya kasha ajue kwamba nafasi ya sloti moja kati yao haitoshi.

Hata hivyo, mtu anaweza kuyatatua hayo yote, akanunua pawa saplai kubwa na kasha pana, na bado nisingemshauri, kwa kuwa mlango wenyewe umefungwa. SLI ilitegemea draiva kuwa na maelekezo ya pekee kwa kila gemu, na Nvidia ilitangaza kwamba tangu tarehe 1 Januari 2021 haitaongeza mapya kwa kadi za RTX 20 na zilizotangulia. RTX 3090 ya mwaka 2020 na RTX 3090 Ti ya mwaka 2022 zilikuwa za mwisho katika kadi za gemu za Nvidia, yaani GeForce, kuwa na NVLink, kiungo kilichorithi kazi ya lile daraja; RTX 4090 ilipotoka mwaka 2022 haikuwa nacho. Kwa upande wa AMD, Radeon RX 5700 ya mwaka 2019 ilitoka bila CrossFire. DirectX 12, mfumo wa Windows ambao gemu huutumia kuiagiza kadi, ulikuwa umewaachia watengenezaji wa gemu uwezo wa kugawa kazi kati ya kadi wao wenyewe, na gemu ya Ashes of the Singularity ilionyesha kwamba hata kadi ya AMD na ya Nvidia zinaweza kuvutwa nira moja, lakini waliofuata njia hiyo walikuwa wachache. Sidhani walikuwa wavivu. Gemu za sasa hulainisha kingo za picha kwa kuazima habari kutoka fremu iliyopita, na ikiwa fremu iliyopita imo kwenye kadi nyingine, faida ya kupokezana inaliwa na kazi ya kusafirisha.

Kwa hiyo, kwa gemu mpya, chukua kadi moja, na ukisita kati ya iliyo na kasi kidogo zaidi na iliyo na kumbukumbu kubwa zaidi, mimi ningeegemea kumbukumbu. Pacha ninamwachia anayejenga mashine ya kuchezea gemu za enzi zao kwa mapenzi tu, na anayefanya kazi za kuchora kwa Blender, programu ya picha za 3D ambayo hugawa kazi kwa kadi mbili bila daraja wala kigugumizi, maana hakuna anayeitazama ikisogea.

Mpango wa pili, wa kadi zisizofanana zenye majukumu tofauti, ndio ninaouona una akili siku hizi. Programu ya Lossless Scaling, inayouzwa kwenye Steam, huchukua fremu mbili zilizokwisha kuchorwa na kutunga nyingine ya katikati ili mwendo uonekane laini. Ikifanya hivyo kwenye kadi inayochora gemu hupunguza nguvu yake, na fremu halisi hushuka. Ukiipa kadi ya pili kazi hiyo, kadi kubwa hubaki kuchora tu. Hapa hakuna anayempokeza mwenzake fremu kwa zamu, na ndiyo sababu kile kigugumizi cha pacha hakijitokezi. Kuchelewa kwa kitufe kunaongezeka kidogo, kwa kuwa programu lazima isubiri fremu ya pili ndipo itunge ya katikati, na kwa sababu hiyo siitumii kwenye mashindano. Kwa gemu za kutembea na kutazama mandhari, ninaitumia kila siku.

Kinachohitaji kuchunguzwa ni sloti. Chukua tochi uangalie ndani ya sloti ya pili ya ubao mama wako: mara nyingi ni ndefu kama ya kwanza, lakini pini zake zinaishia robo ya urefu wake, maana yake ina njia 4 tu za kupitishia data badala ya 16. Kwa PCIe, aina ya sloti hizo, ya kizazi cha tatu, njia 4 hupitisha takriban gigabaiti 3.9 kwa sekunde. Fremu moja ya pikseli 2560 kwa 1440 ina takriban megabaiti 15, hivyo fremu 100 kwa sekunde ni gigabaiti 1.5, na zinapita bila taabu. Kwa skrini ya 4K fremu moja inafika megabaiti 33, na mia moja za namna hiyo zinakaribia kuujaza mlango wote.

Nilipofunga kadi yangu ndogo, isiyohitaji hata waya wake wa umeme kwa kuwa inaridhika na wati 75 za sloti, matokeo yalikuwa mabaya kuliko kuwa na kadi moja. Nilipoteza saa mbili nikibadilisha draiva, kumbe waya wa monita ulikuwa bado umechomekwa kwenye kadi kubwa, na kila fremu ilikuwa ikienda kwa kadi ndogo kisha kurudi ilikotoka. Waya uingie kwenye kadi inayotunga fremu, na kwenye mipangilio ya Windows 11 uichague kadi kubwa kuwa ndiyo inayochora gemu. Ikiwa prosesa yako ina grafiki zake za ndani, jaribu nazo kwanza kwa kuuchomeka waya kwenye tundu la ubao mama. Ni dhaifu, lakini zitakuonyesha kama mwendo huo unakufaa kabla hujatafuta kadi ya pili.