Uwele na joto la Handeni

Kaka, umeuliza kama mbegu yenye "jeni ya joto", yaani chembe moja ya urithi ya kustahimili joto, itakuongezea uwele huko Handeni. Jeni hiyo moja haipo. Ni nyingi, kila moja na mchango wake mdogo, ndiyo maana watafiti huchuja mbegu misimu na misimu. Tazama suke linapochanua: hutangulia vile vinyuzi vyeupe vya kike, chavua, ile poda ya kiume, hufuata siku chache baadaye. Joto likizidi nyuzi 42 hapo, sehemu ya kike ndiyo huumia zaidi, kuliko hata chavua, na suke linatoka na mapengo. Lakini nyuzi 42 ni habari za Rajasthan na Gujarat, huko India. Wewe ukiona suke lina mapengo, ulizia kwanza kweleakwelea, wale ndege wala nafaka.