Ngome ya Kilchurn haikubomolewa na vita

Ndugu, umeuliza ni vita gani vilivyoiacha magofu ngome ya Kilchurn, iliyo kwenye ncha ya ziwa Loch Awe huko Uskoti. Ukweli ni kwamba haikuangushwa na vita vyovyote. Mnara wake wa orofa tano ulijengwa yapata mwaka 1450 na Sir Colin Campbell, bwana wa kwanza wa Glenorchy, juu ya kisiwa kidogo ambacho leo kimeungana na nchi kavu kwa sababu maji ya ziwa yalipunguzwa mwaka 1817.

Katika miaka ya 1690 mzao wake, Earl (cheo cha ukabaila) wa Breadalbane, aliongeza kambi ya kulaza askari wapatao 200, na wakati wa maasi ya Wajakobo, yaani wafuasi wa ukoo wa kifalme wa Stuart uliopinduliwa, ya 1715 na 1745 askari wa serikali walikaa humo. Kufikia hapo ukoo wa Campbell ulikuwa umekwisha kuhamishia makao yake Perthshire, eneo jingine la Uskoti, na radi ilipoipiga ngome mwaka 1760, haikukarabatiwa tena. Kinachonigusa zaidi ni kipande cha mnara mdogo wa pembeni kilichoanguka wakati huo, ambacho hadi leo kimelala uani kikiwa kimepinduka juu chini.