Kuzima Umeme wa Mji wa Adui

SWALI: Katika hadithi yangu ya kubuni ya kisayansi, mashujaa wanauzima umeme wa mji wa adui kwa kulipua mtambo mmoja tu. Je, msomaji ataamini?

JIBU: Hataamini kwa urahisi, kwa sababu mji mkubwa hulishwa na mitambo mingi iliyounganishwa katika gridi, yaani mtandao mmoja wa nyaya za umeme, na mmoja ukizimika mingine huubeba mzigo wake. Hata hivyo, muungano huohuo ndio udhaifu wake: tarehe 14 Agosti 2003, nyaya zilizogusa miti huko Ohio, pamoja na hitilafu ya programu iliyonyamazisha ving'ora vya chumba cha udhibiti, zilianzisha mfululizo wa kuzimika uliowaacha gizani watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada. Mimi ningechagua dhoruba ya jua, yaani mlipuko wa Jua unaoivuruga sumaku ya dunia, kwani ile ya Machi 1989 iliiangusha gridi ya Quebec, jimbo la Kanada, ndani ya muda usiofika dakika mbili. Mwonyeshe msimamizi wa zamu akitazama mita zikiyumba huku ving'ora vikiwa kimya. Tena usiisahau hospitali, ambayo jenereta yake hufanya kazi hadi mafuta yaishe. Mashujaa wasiolipima jambo hilo kabla ya kuanza watampoteza msomaji.