Kabla ya fuvu la haramia, chora sinki

Wadogo zangu, wiki hii nimeletewa michoro mitatu ya vibanda vipya vya chakula vya bustani yetu ya burudani, na yote mitatu imenirudisha mbali. Wa kwanza ni sanduku la hazina la maharamia, kifuniko kiko wazi na bisi zinamwagika kama sarafu. Wa pili ni gogo la msituni, dirisha la kuuzia likiwa ndani ya tundu la bundi. Wa tatu ni chombo cha anga kilichoanguka na kuzama nusu mchangani. Mkono mnao, nasema kweli. Kutu ya kile chombo nimeirudia kuitazama mara tatu. Lakini katika michoro yote sijaona sinki la kunawia mikono. Sijaona jokofu linakaa wapi. Gogo halina hata mlango wa muuzaji kuingilia.

Nawaandikia wote kwa pamoja, kwa sababu nikianza kuwaita mmoja mmoja nitafoka, na jambo lenyewe halitaki kufokewa. Linataka kuelezwa.

1. Anzeni na kinacholiwa.

Paa la kibanda mgeni analitazama mara moja tu, akiwa kwenye foleni. Bisi anatembea nazo nusu saa. Kwa hiyo kilicho mkononi mwake kinaibeba nchi yenu, yaani eneo la bustani lenye kisa chake, kuliko kuta. Tokyo DisneySea, iliyofunguliwa 2001, walilielewa hili vizuri: kule Arabian Coast wakauza bisi za bizari, na harufu yake inakwambia umeingia nchi nyingine kabla hujainua macho kutazama kuba. Hogsmeade, kijiji cha hadithi za Harry Potter kwenye bustani ya Universal kule Orlando, iliyofunguliwa 2010, walifanya jambo gumu zaidi: soda za makampuni makubwa zikaachwa nje, kikawekwa kinywaji cha kisa chenyewe, na watu wakapanga foleni kukitafuta. Mfikirie mhasibu aliyekubali hilo. Mkipata mhasibu wa namna hiyo, mtunzeni.

Na mkumbuke kwamba chombo cha chakula kinatoka getini pamoja na mgeni. Galaxy's Edge, nchi ya Star Wars kwenye bustani za Disney, ilipofunguliwa 2019, soda ziliwekwa kwenye chupa za duara kama tufe, zenye maandishi ya alfabeti ya kubuni. Zilipendwa mno, watu wakataka kurudi nazo nyumbani. Mwezi Agosti mwaka huohuo wakala wa usalama wa usafiri Marekani wakasema zisipandishwe kwenye ndege kwa sababu zinafanana na mabomu ya kurusha kwa mkono. Baadaye walilegeza, lakini somo linabaki. Ukichora chupa, ifuate kwa mawazo mpaka kwenye begi la msafiri.

2. Mtu dirishani ndiye kipimo.

Mnapenda hila ya kupunguza vipimo kadiri jengo linavyopanda, na mna haki ya kuipenda. Kasri la Disneyland la 1955 lina futi 77 tu, kama mita 23, lakini mawe ya juu yalifanywa madogo kuliko ya chini, basi jicho linaliona refu. Ghorofa za juu za majengo ya Main Street, barabara ya kuingilia Disneyland, nazo zimepunguzwa vivyo hivyo. Hila inakubali kwa sababu kule juu hakuna mtu. Kibandani mtu yupo, amesimama katikati ya mchoro wako siku nzima, na kichwa chake hakipungui. Mkipunguza fremu ya dirisha ili mnara uonekane mrefu, muuzaji atageuka jitu lililofungiwa kwenye nyumba ya mwanasesere. Hapo mgeni hadanganyiki tena, na mtu wenu anaumia.

Neno hili "anaumia" silitumii kwa kupamba.

3. Mnara wangu wa taa.

Kibanda changu cha kwanza peke yangu kilikuwa cha chipsi na samaki, kwenye nchi ya bandari. Nilikivika sura ya kitako cha mnara wa taa uliovunjika, jiwe lililopigwa na mawimbi miaka mia. Dirisha nikalifanya dogo, upana wa sentimita 55, kwa sababu mnara wa kweli hauna madirisha makubwa. Moshi wa kikaangio nikaupitisha ndani ya nguzo bandia, ukakata kona tatu kabla ya kutoka, ili bomba lisionekane kutoka upande wa gati. Kuzunguka dirisha nikamwagiza fundi wa saruji achonge chaza walioshikamana na mwamba. Alinionyesha sampuli ya kwanza, chaza walikuwa laini. Nikaikataa. Nikamwambia nataka makali, chaza wa kweli wana makali. Akanitazama kidogo, akasema sawa, akarudi kuchonga.

Siku ya ufunguzi walipiga picha sana. Nilisimama ng'ambo ya njia nikitazama watu wakinyoosha vidole, na nilifurahi kuliko siku nyingi za maisha yangu.

Wiki ya pili, kwenye mzunguko wangu wa asubuhi, nikakuta kitambaa cha bluu kimefungwa kwenye ukingo wa chini wa dirisha. Kitambaa cha kawaida cha jikoni. Kilikuwa kimefunika chaza wanane hivi, wale walionigharimu ugomvi. Nikakifungua, nikakikunja, nikakiweka ndani juu ya kaunta. Kesho yake kimerudi. Nikakiondoa tena, safari hii nikaandika na ujumbe kwa msimamizi wa zamu: tafadhali msiweke vitu visivyo vya mandhari kwenye uso wa kibanda. Niliandika kwa adabu. Nilijiona mlinzi wa kazi nzuri.

Siku ya tatu kitambaa hakikuwepo, nami nikapita nimeridhika.

Mwisho wa mwezi watu wa uendeshaji walilalamika kwamba foleni ya mnara haiendi, wakaomba dirisha lipanuliwe. Nikakataa. Nikaleta michoro, nikaeleza mistari, nikasema likipanuliwa mnara unakufa. Meneja wao hakubishana nami. Aliuliza tu kama ninaweza kufanya zamu moja ndani, Jumamosi.

Nilifanya saa sita. Ndani kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza hapo tangu ufunguzi, mtu mzima, wa rika la mama yangu. Alinipa aproni juu ya lile sweta zito la mvuvi, ambalo pia nililichagua mimi. Baada ya nusu saa sweta lilikuwa limelowa. Moshi uliokuwa ukatize kona zangu tatu haukukatiza. Ulirudi na kukaa usawa wa macho. Trei ya chipsi ilikuwa na upana wa sentimita 45, mikono ya mtu ikiishika inazidi 55, kwa hiyo kila trei ilipaswa kuinamishwa ubavu ili ipite, na chipsi mbili tatu zikadondoka kila mara. Ili usikie oda ulilazimika kuinama na kutoa kichwa. Na kila ulipopitisha trei, mkono wako wa kulia ulikwaruzwa palepale, chini kidogo ya kiwiko.

Sikugundua mpaka saa ya pili, nilipoona damu kwenye karatasi ya chipsi. Nilidhani ni sosi ya nyanya. Nikageuka kumwonyesha mama, naye akakunja mkono wa sweta lake bila kusema neno. Mkwaruzo wake haukuwa mmoja kama wangu. Ulikuwa ngazi, mistari ya zamani imekauka, mipya juu yake, urefu wa kiganja.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema, mwanangu," akajibu. "Nilifunga kitambaa."

Hakulisema kwa uchungu. Aligeuka kuokota kikapu cha kikaangio kwa sababu kengele ilikuwa imelia, na dirishani walikuwa watu kumi na zaidi wakisubiri. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea kwa dakika kadhaa. Nilikuwa nimekisoma kile kitambaa kama uchafu. Nilikipita kila asubuhi, nikakishika kwa mikono yangu, mara mbili, na sikujiuliza hata mara moja nani alikifunga na kwa sababu gani. Nilikuwa nikijua kisa chote cha mnara ule, mlinzi wa taa wa kubuni, mke wake wa kubuni, dhoruba iliyouvunja. Jina la mama huyu nililijua siku ile, kwenye beji yake, mwezi mzima baada ya kumjengea mahali pa kazi.

Jumapili usiku tulifunga, nikaja na yule fundi. Tuliwasaga chaza wote wa upande wa chini, dirisha tukalipanua likafika mita 1 na sentimita 20, ukingo tukauvika ubao wa mviringo kama ubavu wa mashua, laini. Kona tatu za moshi zikabaki moja. Bomba sasa linaonekana kutoka gatini ukilitafuta. Na mnara haukufa. Tangu siku ile hakuna mgeni aliyewahi kuuliza walipoenda wale chaza.

Niliomba msamaha kwa mama yule. Alikubali, akanipa chipsi.

Kwa hiyo mkikuta kitambaa, mkanda wa gundi, kadibodi iliyokunjwa chini ya mguu wa kaunta, kikapu kilichopinduliwa ili mtu asimame juu yake, msiondoe. Ulizeni kwanza. Hivyo ni masahihisho ya mchoro wenu, yameandikwa na mtu asiye na kalamu.

4. Mzigo unapita wapi?

Magic Kingdom, bustani ya Disney kule Florida iliyofunguliwa 1971, ina njia za chini zinazopita chini ya bustani, ili mfanyakazi wa nchi moja asikatize nchi nyingine akiwa na mavazi yasiyolingana. Sisi hatuna njia hizo. Basi nionyesheni kwenye mchoro magunia ya viazi yanafikaje kwenye gogo la bundi saa saba mchana, njia ikiwa imejaa watoto. Kama jibu ni "asubuhi kabla ya geti kufunguliwa", nionyesheni stoo inayotosha mzigo wa siku nzima. Yule wa chombo cha anga ana bahati, nusu ya chombo iko mchangani na huko ndani pana nafasi. Itumie.

5. Mpakani.

Kibanda kinachokaa kwenye mpaka wa nchi mbili kipeni nchi moja, msikigawe. Sakafu ibadilike kabla ya kuta, muziki ufifie kabla ya sakafu. Upande wa nyuma, unaotazama nchi ya jirani, upakeni ile kijani ya kufifisha inayoyeyuka kwenye majani, muuache.

Na msishindane na kivutio kikuu kilicho mwisho wa njia. Walt Disney alikuwa akikiita kivutio cha namna hiyo kwa jina la soseji, kile kitu kinachokufanya uendelee kutembea. Kibanda kazi yake ni kukufanya usimame kidogo. Sanduku la hazina lenye taa zinazozunguka, mita kumi kutoka kwenye meli ya maharamia, linamwambia mgeni kwamba ameshafika.

6. Mapipa ya taka nayo ni yenu.

Mmechora vibanda vitatu na hakuna pipa hata moja, halafu mtashangaa mapipa ya kijivu ya plastiki yakiletwa siku ya ufunguzi na kuwekwa mbele ya kazi yenu. Kule bustani ya Efteling, Uholanzi, tangu 1959 wana mlafi mnene anayeomba watoto wamlishe karatasi. Ukimwekea karatasi mdomoni anaivuta na kushukuru. Watoto wanatafuta taka ili wamlishe! Hebu fikirini, pipa la taka limekuwa mhusika anayependwa. Disneyland wanabadilisha rangi za mapipa kufuata nchi, na kwenye matoroli ya bisi kuna vikaragosi vidogo vinavyozungusha mkono wa mashine, kila toroli na chake. Hicho ni kitu kidogo kuliko kiganja, hakimzuii mtu yeyote kufanya kazi, na mtoto anakikumbuka mwaka mzima. Napenda sana mandhari ya kiwango hicho. Nawaomba mkipende na ninyi.

7. Haya ya haraka.

Bei zisomeke kutoka mtu wa tano kwenye foleni, hata kama maharamia hawakuandika kwa herufi kubwa. Tazameni rangi jioni taa zikiwaka, na tena sakafu ikiwa imelowa. Sehemu ya kaunta iwe chini: kanuni za Marekani kwa wenye ulemavu zinataka isizidi inchi 36, karibu sentimita 91, na hata pasipo na kanuni mtoto anastahili kuona anachonunuliwa. Mashine ya kadi ina waya, uchoreni. Uchakavu wa kuchora usikae pale mkono wa mgeni unapogusa, maana uchakavu wa kweli utafika wenyewe. Vazi la muuzaji mlivae ninyi kwanza, saa nzima, karibu na kikaangio.

8. Jumatatu.

Mje saa moja asubuhi, karakana ya nyuma. Kadibodi nimeshaweka, na visu, na tepu ya kupimia. Kila mmoja ajenge dirisha lake kwa vipimo kamili vya mchoro wake, pamoja na pale atakaposimama muuzaji. Trei nitaleta, zimejaa. Wengine wawili watapanga foleni, mmoja awe kwenye kiti cha magurudumu, mwingine apige magoti awe mtoto wa miaka sita. Mwenye mchoro anaingia ndani, anauza trei ishirini.

Wa gogo, uje na wazo la mlango. Mama wa mnara wa taa sasa ni msimamizi wa vibanda vyote vya bandari, na nimemwomba aje atazame.